Kinyonga huyu wa pembe mbili anaitwa nani hasa? Nimeshapewa majina matatu

MwanaTanga_Asilia

Wakuu, habari za usiku. Naomba msaada kwa wenye taaluma ya viumbe, maana swali hili nimezunguka nalo wiki ya pili sasa.

Nina picha ya kinyonga dume. Si hawa wa kawaida wanaokatiza barabara mvua zikianza. Huyu ana pembe mbili bapa zimechomoza puani, zimekaa sambamba kama visu viwili, na zimejaa magamba mpaka nchani. Rangi kijani, ubavuni ana mabaka ya njano, mkia mrefu kuliko mwili.

Nikamwingiza kwenye programu ya simu ya kutambua wanyama, ikanijibu Kinyongia fischeri. Nikaweka picha kwenye kundi la wafugaji wa vinyonga wa Ulaya, mmoja akasema bila kusita ni Kinyongia matschiei. Mwingine, mzee nadhani, akasema yeye anamjua kama Bradypodion fischeri tangu miaka ya themanini, hayo mengine ni fujo za vijana. Nikatafuta namba ya mtafiti wa chuo kimoja, nikamtumia picha. Jibu: "Kwa picha hii siwezi kusema." Kwisha. Hata kwaheri hakuna.

Sasa naomba kuuliza. Hawa wanabiolojia wanatoa majina kwa utaratibu gani, kama watu wanne hawaelewani juu ya mnyama mmoja? Nani mwenye kauli ya mwisho? Na la pili, msinicheke: ikitokea ni mpya, hajawahi kuandikwa popote, naweza kumpa jina la marehemu mama yangu? Aliitwa Mwanaisha. Na je, kuna hela yoyote?

Picha hiyo hapo chini. Naomba kuwasilisha.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Mkuu, nianze na la darasani, wengine watajazia.

Kila kiumbe kilichoandikwa kisayansi kina jina la sehemu mbili. La kwanza ni jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi, kwa herufi ndogo. Utaratibu huu tunauhesabu kutoka kwa Linnaeus, Mswidi: kwa mimea tunaanzia kitabu chake cha 1753, kwa wanyama toleo la 1758. Jina lolote la kabla ya hapo halihesabiki. Baada ya hapo, spishi moja ikipewa majina mawili, kwa kawaida la zamani zaidi ndilo linalosimama.

Kauli ya mwisho hana mtu. Kuna kanuni za kimataifa zinazosema jina limetolewa kihalali au la. Kama spishi ni moja au ni tatu, hilo wataalamu wanabishana wao kwa wao kwenye majarida, kwa ushahidi, na wanaweza kubishana miaka.

Kitu kimoja wanafunzi wangu wanakipenda: Kinyongia ni neno letu. Tilbury, Tolley na Branch walipounda jenasi hiyo mwaka 2006, walichukua "kinyonga" la Kiswahili wakalivika mkia wa Kilatini.

Kuhusu spishi yako sithubutu. Mimi ni mtu wa chaki.

---

Kamba_Mguu

Hela ipo mkuu, tatizo haiji kwetu. Mwaka 2005 kasino ya mtandaoni ya GoldenPalace ilitoa dola 650,000 ili kima wa Bolivia aitwe kwa jina lake. Yule kima mpaka leo ni aureipalatii, yaani "wa jumba la dhahabu". Fedha zilikwenda kutunza hifadhi ya Madidi anakoishi. Wewe peleka ombi kwa kampuni za kubeti, mama atasubiri 😂

---

Mzee_wa_Tochi

Kijana, rudia kusoma ulichoandika. Umetaja rangi, umetaja pembe, umetaja mkia, umemtaja mpaka mzee wa Ulaya. Mahali hujataja. Picha imepigwa wapi? Huyo mtafiti aliyekukata kauli huenda hana adabu, lakini hakukosea, na nitakueleza kwa nini. Ni ndefu kidogo, nina muda, mvua inanyesha na dukani hakuna mtu.

Mimi si msomi. Niliishia darasa la saba. Ila nimewabebea wasomi mizigo miaka kumi na tisa kwenye misitu ya milima yetu hii, kuanzia Usambara mpaka Udzungwa, na kazi yangu hasa ilikuwa tochi. Mchana kinyonga wa msituni humpati, kajificha juu huko. Usiku anashuka kulala nchani mwa kijiti chembamba, mkia kaukunja, na ngozi yake inapauka. Ukimmulika anatokeza mweupe katikati ya majani kama upande wa chini wa jani uliogeuzwa. Mgeni anapita chini ya watano asione hata mmoja. Mimi nilikuwa namwona ng'ambo ya korongo, mpaka wakawa wananigombania, huyu anataka niwe kundi lake na yule anataka niwe lake.

Akishapatikana hakuna anayetaja jina pale. Anaingia mfuko wa kitambaa, mfuko unafungwa, unaandikwa namba, na kwenye daftari inaingia namba hiyo hiyo pamoja na msitu gani, mwinuko gani, kalala urefu gani kutoka chini, mti au kichaka, saa ngapi. Asubuhi ndiyo kazi ya mezani. Anapimwa kutoka ncha ya pua mpaka tundu la haja, halafu mkia peke yake. Pembe zinapimwa. Magamba ya kichwani yanaangaliwa moja moja kwa lenzi. Dume anasukumwa kiungo chake cha uzazi kitokeze nje, maana umbo la kile kiungo hutenganisha spishi mahali ambapo sura imeshindwa. Siku ya kwanza nilicheka, msomi mmoja akaninyamazisha kwa jicho.

Wachache wanauawa. Sitaficha, na sikuwahi kulizoea. Kabla mwili haujaingia kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, unakatwa kipande kidogo cha nyama au ini, kinatiwa kwenye kichupa cha spiriti kali, kwa sababu fomalini inaharibu DNA. Hicho kichupa ndicho kinachokwenda maabara. Mwili ukishakakamaa katika mkao mzuri unahamishiwa spiriti ya asilimia 70, na hapo unaweza kukaa kuliko umri wako na wangu tukijumlisha.

Sasa nikupe kisa changu ndipo utaelewa habari ya mahali.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kuandika vile vibandiko vya kufunga mguuni. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nikajisikia mtu. Penseli waliyonipa niliiona ya kitoto, nikachukua biro yangu ya bluu. Nikaandika vibandiko kumi na moja, vimenyooka kama cheti cha ndoa. Tulikuwa tumetoka milima miwili tofauti, siku tisa kwa miguu, na mmoja wetu alikuwa ameteguka kifundo. Tulipofungua lile kopo wiki mbili baadaye, spiriti ilikuwa ya bluu na karatasi nyeupe pe. Hakuna namba hata moja iliyobaki.

Vinyonga walikuwemo wote. Hakuna aliyeoza, pembe zimesimama, magamba unayahesabu. Yule mtafiti alimtoa mmoja, akamgeuza, akamrudisha. Akamtoa wa pili. Kisha akakaa juu ya ndoo na kunyamaza muda mrefu. Nikadhani nafukuzwa. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Sasa hii ni nyama tu." Halafu akanipa penseli. Mpaka leo daftari la madeni ya dukani naandika kwa penseli, wateja wanalalamika eti naweza kufuta nikaongeza.

Kwa nini walikuwa nyama tu? Kwa sababu milima hii kila mmoja ni kisiwa. Chini ni joto, mkonge na nyasi, na kinyonga wa msitu wa baridi havuki huko. Kwa hiyo mlima mmoja una wake, mlima wa pili una wake, na kwa macho wanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Usipojua katoka wapi umepoteza nusu ya ushahidi.

Sasa njoo kwenye majina yako matatu. Fischeri aliandikwa na Reichenow mwaka 1887, na wa kwao hasa ni milima ya Nguru, huko Morogoro. Werner akaandika matschiei mwaka 1895. Mwaka 1913 Nieden akaongeza wawili, vosseleri na multituberculata. Wote wana pembe mbili. Baadaye wakubwa waliofuata waliona huu ni utitiri, wakawakusanya wote chini ya fischeri, na kwa miongo mingi kila kinyonga wa pembe mbili wa Tanga alikuwa "fischeri" na biashara imekwisha. Wafugaji wa Ulaya wakawanunua kwa jina hilo, vitabu vikachapwa hivyo. Programu yako ya simu nadhani imesomea humo humo.

Mwaka 2008 Mariaux, Lutzmann na Stipala wakarudi kwenye vielelezo vya zamani, wakalinganisha, wakaona Nieden na Werner walikuwa sahihi. Wakawatenganisha tena. Angalia uzuri wake: hawakuhitaji kubuni jina hata moja kwa hawa. Majina yalikuwa yamelala miongo mingi, yakaamshwa, kwa ile sheria ya Mwalimu hapo juu kwamba la zamani ndilo linalosimama.

Utauliza walijuaje fischeri wa kweli ni yupi kati yao. Kila jina limefungwa kwenye mwili mmoja, wanauita holotaipu. Mwili huo umewekwa makumbusho fulani na jina haliwezi kuukimbia. Wengi wa zama za Mjerumani wako Berlin. Watu wakibishana juu ya fischeri, hawaendi kuulizana nani mkubwa, wanaifungua ile chupa. Ndiyo maana kibandiko kina thamani kuliko hata huyo mnyama.

Na yule mzee wa Bradypodion msimcheke. Miaka hiyo hawa wetu walikuwa wamewekwa humo pamoja na vinyonga wa Afrika Kusini. Jenasi ilipogawanywa 2006, Bradypodion likabaki kwa wa Kusini, wa kwetu wakapata Kinyongia. Ukiona imeandikwa Kinyongia fischeri (Reichenow, 1887), hayo mabano yana kazi: yanakwambia Reichenow ndiye aliyetoa "fischeri", ila alimweka kwenye jenasi nyingine. Yangekosekana mabano, maana yake jenasi haijabadilika tangu mwanzo. Na kuna jambo lilinifurahisha sana nilipoelezwa. Kinyonga wa Taveta, akiwa Bradypodion, aliitwa tavetanum. Alipohamia Kinyongia akawa tavetana. Ni ngeli hiyo! Kiti kizuri, meza nzuri. Jina la kwanza likibadili ngeli, la pili linafuata. Nilimwambia msomi wangu kuwa hili bibi yangu angelielewa bila kusoma Kilatini, akaliandika kwenye daftari lake.

Kuhusu mama yako, Mungu amrehemu. Inawezekana, ila njia ni ndefu. Kwanza awe mpya kweli, yaani mtu alinganishe na kila jina lililowahi kutolewa, hata yale yaliyolala. Halafu kuwe na holotaipu makumbusho, maelezo ya kumtofautisha na jamaa zake, na yote yachapwe kwenye jarida. Kabla ya hapo kuna vibali, vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na usiingie msituni kuokota mnyama bila vibali, utalala ndani. Jina la mwanamke huishia -ae, kwa hiyo mama angekuwa mwanaishae. Hela hakuna. Mimi nililipwa posho ya siku na chakula.

Wapya bado wanapatikana, usikate tamaa. Yule magomberae wa 2009 alipatikana msitu wa Magombera, kule Kilombero. Andrew Marshall alimshtua nyoka mwembamba, nyoka akamwachia kinyonga aliyekuwa naye mdomoni, na huyo kinyonga akawa spishi mpya. Sikuwepo, na nimewaonea wivu waliokuwepo, maana mimi nimemulika tochi miaka kumi na tisa, nyoka kamshinda kila mtu kwa jioni moja. Mwaka 2022 wakaandikwa sita kwa mpigo, wale wadogo wa kahawia wanaofanana na jani kavu, jenasi Rhampholeon.

Na yupo Kinyongia msuyae wa 2015, wa nyanda za kusini. Huyo amepewa jina la Charles Msuya, Mtanzania aliyekuwa gwiji wa kukusanya vyura na mijusi nchini. Watu wanaona -ae wanadhani Msuya ni mama. Hapana, ni kwa sababu jina linaishia na a, Kilatini kinalichukulia hivyo. Nililipenda jina lile kuliko yote. Mmoja niliyemfanyia kazi misimu mitatu alichapa andiko lake na kwenye shukrani akaandika "wenyeji waliosaidia". Mimi ndiye wenyeji.

Haya, jibu swali. Wapi?

---

Rungwe_Kwetu

Mzee shikamoo. Nimesoma mpaka chai imepoa. Lakini niruhusu nikupinge kidogo kwenye habari ya picha na mizoga.

Huku kwetu Wanyakyusa walikuwa wanamtaja mnyama wa msituni wanamwita kipunji. Kima mwenye aibu, hashuki ovyo, anaonekana kwa nadra mpaka vijana wengine walidhani ni wa hadithi. Watafiti wa WCS, shirika la kuhifadhi wanyamapori, wakiongozwa na Tim Davenport walisikia habari zake kwa wawindaji, wakamfuatilia mlima Rungwe na Kitulo, wakamwona mwaka 2003. Mwaka uliofuata timu nyingine, haikuwa na habari za wenzao, ikamkuta Ndundulu kule Udzungwa. Wakaandika pamoja mwaka 2005. Na holotaipu ilikuwa dume mzima aliye hai, yuko kwenye picha! Hawakumpiga risasi, walisema ni wachache mno. Jina la pili wakalichukua lile lile la wenyeji.

Kwa hiyo picha inaweza kutosha, na majina ya kwetu yanaweza kuingia bila kuvishwa mkia wowote. Wazee wetu walishamtambua zamani, wakajua kilio chake na sauti yake kuwa si ya mbega wala nyani. Tunasema "aligunduliwa 2003". Na nani? Babu yangu aligundua nini basi alipokuwa anamfukuza shambani?

---

Mzee_wa_Tochi

Marahaba mwanangu. Umesema kweli, na kuhusu babu yako sina la kupinga hata kidogo.

Ila malizia kisa. Walipomwandika kwa picha mwaka 2005 walimweka jenasi Lophocebus. Baadaye kipunji mchanga akafa kwenye mtego wa mkulima huko huko Rungwe, mwili ukapatikana, wakapima mifupa na DNA. DNA ikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani kuliko na hao Lophocebus. Mwaka 2006 akaundiwa jenasi yake, Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima wa Afrika ilikuwa haijatokea tangu 1923. Picha ilitosha kusema "huyu hafanani na mwingine". Haikutosha kusema ndugu zake ni akina nani.

Kwa kipunji picha ilisaidia kwa sababu hakuna wa kufanana naye. Kwa hawa wa pembe mbili, wanafanana wote. Hapo ndipo mtafiti wa chuo aliposema hawezi.

---

Mbu_Mmoja

Naongezea, mimi niko kazini na mbu. Afadhali ninyi mna pembe za kupima. Huku kuna kundi la Anopheles gambiae, mbu wa malaria: spishi kadhaa ambazo ukiziweka chini ya hadubini ni kitu kimoja, mabaka ya mbawa yale yale, miguu yenye madoa ile ile. Nakaa na lenzi nahakikisha tu kuwa ni wa kundi hilo, kisha nakata mguu mmoja, nautia kichupani, unakwenda kwenye mashine ya PCR, ya kupima DNA. Majibu yakirudi ndipo najua huyu ni gambiae mwenyewe au ni arabiensis. Tofauti yao si ya mapambo: gambiae anapenda binadamu na kuingia ndani, arabiensis anang'ata ng'ombe pia na anaweza kukusubiri nje. Chandarua kinamsumbua mmoja kuliko mwingine. Mwaka 2013 waligawanya tena, kundi moja la Afrika Magharibi na Kati likawa coluzzii, kwa heshima ya Mario Coluzzi.

Na sisi pia ni penseli, Mzee. Biro hairuhusiwi mezani.

---

MwanaTanga_Asilia

Wakuu, nimerudi, na nimerudi na aibu.

Picha si yangu. Alinitumia binamu yangu kwa WhatsApp. Yeye anafanya kazi kwenye mashamba ya chai Amani, nikachukulia moja kwa moja kuwa ni Amani, na wale wa Ulaya nilipowaambia "Usambara" hawakuuliza zaidi. Baada ya kusoma kwa Mzee nimempigia simu. Nikamuuliza, ulimpiga picha wapi? Akasema, "Bumbuli, tulipokwenda msibani kwa shangazi. Alikuwa kwenye mti wa mpera nyuma ya jiko, watoto wanamrushia mawe, nikawafukuza."

Bumbuli! Ni Usambara ya upande mwingine kabisa. Je, hiyo inabadilisha kitu?

---

Mzee_wa_Tochi

Inabadilisha kila kitu. Amani ni Usambara Mashariki, huko kuna matschiei na vosseleri. Bumbuli ni Magharibi. Katikati kuna bonde la Lwengera, unaliona ukiwa Korogwe ukitazama juu, kwa gari ni muda mfupi tu. Kwa kinyonga wa msitu ni kama bahari. Dume wa pembe mbili bapa wa upande wa Lushoto na Bumbuli ni multituberculata wa Nieden, 1913. Kwa hiyo wote watatu wamekosa, programu, kijana wa Ulaya na mzee wake. Na pole, si mpya.

Nimeikuza picha yako sasa hivi nikiwa na jibu mkononi, nikaona kila kitu kinakubali. Ila jana nilipoikuza bila kujua mahali, vilevile kila kitu kilikuwa kinakubali kuwa matschiei. Ndivyo macho yalivyo.

Binamu yako akirudi Bumbuli, asimguse wala asimhamishe. Aende usiku na tochi, apige picha ya ubavu, ya kichwa kwa karibu, na ya pembe kutoka juu. Aandike kijiji, tarehe, aina ya mti na urefu aliolala. Kwa unajua nini.

---

MwanaTanga_Asilia

Penseli nimenunua mbili, moja yake. Tatizo amekataa kwenda usiku. Anasema kwao kinyonga akikutazama kwa jicho moja huku jingine linatazama nyuma, siku hiyo usisafiri, na yeye Jumatatu ana safari ya Dar. Nimemwambia usiku kinyonga amelala, macho yamefumba yote mawili. Anafikiria.

---

Kamba_Mguu

Mzee wa Tochi, duka liko wapi? Nataka kuja kukopa, deni liandikwe kwa penseli.